Ukurasa Ambao Galen Hakuuandika

Willis Ratzlaff alikuwa mtu wa kusaidia. Ukiuliza habari zake kokote katika mji wetu mdogo wa Lindenau, dukani, kanisani au kwenye mizani ya ngano, hilo ndilo jibu utakalopewa kabla hujamaliza kuuliza. Trekta likizama matopeni, anaitwa Willis. Kijana akihitaji barua ya kumsifu, anatumwa kwa Willis, na barua itakayotoka itakuwa tamu hata mama mzazi atashangaa. Alianza kufundisha elimu ya udongo katika chuo cha umma pale mjini nywele zake zikiwa bado nyeusi, na nusu ya wakulima wa wilaya walikuwa wamepita mikononi mwake. Sisi majirani tulimpenda. Wengine tulimwogopa kidogo pia, maana aliyezoea kusaidia hukusaidia hata pale uliposema basi.

Tangu Galen Nachtigal afariki, Willis hakuwa tena peke yake kwenye maabara yake. Galen alikuwa na mazoea ya kugonga buti zake kwenye kizingiti kabla ya kuingia, udongo ubaki nje, kama mama yake alivyomlea. Sasa ni mchana, jua linawaka dirishani, wanafunzi wameshatoka, na Willis anasikia buti zikigongwa. Taratibu, moja kisha nyingine. Akiinua kichwa, mlango uko wazi na ujia ni mtupu. Safari moja alisema "Ingia" kwa sauti, na msichana aliyekuwa akiosha vyombo vya maabara akageuka kutazama mlangoni. Hakuona mtu. Akaendelea kuosha, ila aliharakisha.

Wapo watakaosema ni dhamiri tu. Waiite watakavyo. Willis alizisikia buti kwa masikio yake, na pamoja nazo alinusa vumbi la ngano, lile linalokaba koo wakati wa mavuno, na ilikuwa Februari, katikati ya baridi.

Galen alikuwa mtoto wa pekee wa Elda, mjane mwenye shamba upande wa mashariki ya mji. Alikuwa mwanafunzi wa Willis, na hakuna aliyewahi kuujua udongo kama yeye. Alikuwa akichukua donge, anatema mate kidogo, analisugua kwa kidole gumba na kukuambia limetoka mteremko gani. Ila kusema alikuwa mzito. Watu wa kanisa letu wote ni wazito kidogo, na hatuapi. Mahakamani tunasema "nathibitisha" badala ya "naapa", na majaji wameshatuzoea. Ndiyo iwe ndiyo, siyo iwe siyo, mengine ni kelele. Wengi wetu tunaishia hapo, tukitoka mahakamani tunapiga soga kama watu wengine. Galen aliichukua habari hiyo mpaka kwenye mfupa. Majirani walipozunguka kukusanya saini ili njia panda iwekewe alama ya kusimama, Galen hakutia saini. Alisema yeye husimama pale siku zote, wanaotaka kujua waje waone.

Basi nafasi ya mwalimu ikatangazwa kwenye idara, na Willis ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kuajiri. Galen akaomba. Alileta kila kitu isipokuwa ukurasa mmoja. Wakati ule chuo kilimtaka kila mwombaji aandike tamko: anaamini nini juu ya usawa wa watu, tofauti zao na namna ya kuwakaribisha wote, na yeye mwenyewe amefanya nini katika hayo. Tamko lilipewa alama. Pasipo tamko, maombi hayasomwi.

Willis alimfuata Galen shambani akamkuta anapaka grisi kombaini ya kuvunia.

"Umebakiza ukurasa mmoja, bwana," Willis alisema.

"Sijaubakiza, Mwalimu. Nimeuacha."

"Kwa nini? Wanachotaka ni useme utawapokea wanafunzi wote bila kubagua. Wewe utawabagua?"

"Sitawabagua."

"Sasa si uandike hivyo."

"Waje waone."

"Kamati haina nafasi ya kuja kukutazama ukiishi, Galen. Kuna jamaa wa Nebraska ameandika kurasa tatu nzima juu ya moyo wake. Huo moyo wenyewe sijui kama upo, lakini kurasa zipo."

Galen alicheka kidogo, akapangusa mikono. Kisha akasema maneno marefu kuliko yote ambayo Willis aliwahi kuyasikia kwake. "Nikiandika kwamba nawapenda watu ili nipewe kazi, siku nikimpenda mtu kweli nitamwambia nini? Atasema, huyu kwake ni kazi."

"Ni ukurasa mmoja tu."

"Basi wasinipe, Mwalimu. Mimi sina kinyongo nao. Wana lao na nia yao ni njema. Ila mimi siandiki."

Mtu mwingine angeondoka na heshima yake. Willis aliondoka na wazo. Jumapili mchana, mkewe Lorene akiwa amejilaza baada ya chakula, alikaa mezani akauandika ukurasa ule mwenyewe, kwa jina la Galen. Aliandika habari za Elda. Kila mwaka wavunaji wa kukodi walipofika na mashine zao kutoka kusini, wengi wao Wameksiko, Elda aliwalisha ndani, kwenye meza yake, wala si uani kama wenye mashamba wengine. Willis alikuwa ameyaona hayo tangu ujana wake, kwa kuwa alikuwa akienda kumsaidia marehemu mume wake kuvuna. Aliandika jinsi sahani za kaure za harusi zilivyotolewa kabatini kwa ajili ya watu wenye grisi mpaka viwiko. Akamalizia hivi: "Wema wowote nilio nao niliupokea mkononi mwa mama yangu." Alipoisoma sentensi hiyo tena, machozi yalimlengalenga. Akaupeleka ukurasa ofisini, akasema Galen alimwachia.

Kamati ilisema halijapata kuletwa tamko zuri kama lile. Galen akapewa kazi. Alidhani wameamua kumchukua bila ukurasa, akawaheshimu kwa hilo, na akafundisha vizuri mno. Wanafunzi wa kila rangi na kila jimbo walimfuata mashambani wakitema mate kwenye madonge. Willis alikuwa akiwatazama kupitia dirishani na kufurahi, kama mtu aliyepanda mti akaona unaota.

Mwaka wa pili, kwenye chakula cha mchana cha kufunga muhula, mkuu wa kitivo, Bi Fennimore, alisimama kuwashukuru walimu. Alikuwa mama mchangamfu na hakuwa na hila. Alisema angependa kusoma sentensi moja iliyomkaa moyoni tangu siku ya kuajiri. Akaisoma ile ya mkono wa mama, akamtaja Galen, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Galen alikuja maabara alasiri ile ile. Alizigonga buti, moja kisha nyingine, akaingia.

"Nani aliyeandika?" aliuliza.

"Nilikusaidia tu, Galen."

"Nilikwambia sitaki."

"Najua. Lakini tazama ulivyofanya kazi nzuri. Kuna uongo gani pale? Mama yako si ndivyo alivyo?"

"Ndivyo alivyo."

"Sasa?"

Galen alikaa kwenye kigoda. Hakuonyesha hasira. Willis angefurahi kama angemwona na hasira. "Sasa nikimwambia mimi," Galen alisema, "nitakuwa narudia maneno yako."

Aliacha kazi wiki ile. Hakumchongea Willis kwa mtu. Angemchongea, Willis angefukuzwa. Kwa mama yake alisema amelikumbuka shamba. Alirudi akapanda ngano, na Julai iliyofuata, ngano ikiwa imeganda ndani ya ghala la bati, aliingia kuivunja kwa fimbo. Ikaporomoka ikammeza. Wanaoishi na nafaka wanajua jinsi jambo hilo linavyokwenda haraka. Walilikata bati kwa msumeno ili wamtoe, na mmoja wa waliokata alikuwa Willis.

Huku kwetu jiwe la kaburi haliwekwi mapema. Udongo huachwa ushuke kwanza, majira yote yapite juu yake. Katika kungoja huko ndipo muswada ulipofika kwenye bunge la jimbo, Topeka. Ulisema chuo chochote cha umma kisimtake mwombaji wa kazi wala wa masomo kuahidi kuunga mkono itikadi yoyote, wala kuahidi kuipinga. Mji uligawanyika. Wengine walisema ni heri, mtu apimwe kwa kazi yake. Wengine walisema wanasiasa wamewachoka wageni na wanyonge, sasa wanatafuta njia ya kuwafungia mlango. Kwenye meza za kahawa kanisani watu walianza kukaa kwa mafungu, na wazee waliokumbuka hadithi za babu zetu, jinsi kanisa lilivyopakwa rangi ya manjano, alama ya waoga, wakati wa vita ile ya kwanza ya dunia kwa sababu hatukutaka kuapa mbele ya bendera, wakawa wanazitumia hadithi hizo pande zote mbili.

Bi Fennimore alikwenda Topeka kuupinga muswada, na Willis akaenda naye kama mkuu wa idara. Alipofika kwenye chumba cha kamati alimkuta Elda Nachtigal amekaa kwenye benchi ya mbele na kofia yake ya kanisani, mkoba magotini.

"Dada Elda, umekuja kufanya nini huku?"

"Nimealikwa na yule mama," Elda alisema. "Anasema kuna kitu cha Galen atakisoma. Kaa hapa, Ndugu Willis, mimi sijui watu hawa."

Willis akakaa. Alijua ni kitu gani kabla Bi Fennimore hajafungua mkoba wake. Mama yule aliwaambia wabunge kwamba wao wanasema matamko haya ni kulazimisha watu waongope. Sasa yeye amewaletea kijana wa shamba, wa kanisa lisiloapa hata mahakamani, aliyeandika kwa hiari na kwa moyo wake wote, wasikilize wenyewe. Akausoma ukurasa mzima, mpaka mwisho. Mbunge mmoja mnene, aliyekuwa upande wa muswada, alivua miwani akaifuta.

Elda hakufuta kitu. Alikuwa amekaa wima na machozi yakimdondokea kwenye mkoba, naye hakuwahi kulia mbele ya watu, hata siku ya maziko. Mkono wake ulikuwa umemshika Willis kwenye mkono wa koti. Mwenyekiti akauliza kama yupo mwingine wa kusema lolote juu ya ushahidi huu. Willis alisikia buti zikigongwa nyuma yake, kwenye kizingiti cha marumaru cha jumba lile la serikali, taratibu. Hakugeuka, na hakusema kitu.

Muswada ulipita hata hivyo, ukawa sheria majira yale yale. Willis aliisoma sheria ile ofisini kwake, kifungu kwa kifungu, kama mgonjwa anavyosoma karatasi ya ndani ya kopo la dawa. Chuo kimekatazwa kuuliza. Kamati imekatazwa kupima. Mwombaji ana haki ya kunyamaza. Hakuona mahali popote palipomtaja mtu anayemsemea mwenzake aliyenyamaza.

Ndipo mambo ya pikapu yalipoanza. Pikapu ya Willis ina kengele inayolia kama aliyekaa kiti cha abiria hajafunga mkanda. Ilianza kulia kiti kikiwa kitupu. Lorene alisema ni waya umelegea, apeleke kwa fundi. Fundi alitazama asione tatizo. Willis akawa anaendesha na kengele inalia, kanisani, sokoni, chuoni, mpaka siku moja aliegesha kando ya barabara, akauvuta mkanda wa abiria na kuufunga juu ya kiti kitupu. Kengele ikanyamaza. Tangu siku hiyo aliufunga kila anapoondoka, na Lorene alipoona hivyo alianza kukaa kiti cha nyuma.

Agosti, Elda alimsimamisha baada ya ibada, mbele ya ukumbi ambamo watu walikuwa wanapakua viazi.

"Jiwe linachongwa wiki hii," alisema. "Nimechagua maneno."

"Maneno gani?"

"Yake. Yale ya mwisho, ya mkono wa mama. Yule mama wa chuo alinipa nakala. Mchonga mawe anasema yatatosha." Alikuwa na uso uliotakata, na kofia kaiweka kidogo upande. "Wewe ndiye uliyempa kazi. Jumamosi tukiliweka, nataka uusome ukurasa wote pale makaburini. Mimi sauti haitatoka."

"Dada Elda..."

"Ndugu Willis, wewe unajua sisi hatuambiani mambo. Baba yake alikufa bila kuniambia neno. Nilidhani na huyu amekwenda hivyo hivyo." Akampigapiga mkono. "Kumbe aliniandika."

Akaingia kula viazi. Willis alibaki pale nje mpaka Lorene akatoka kumtafuta.

Walizungumza ndani ya pikapu, Lorene nyuma, mkanda wa mbele umefungwa. Willis alimweleza mkewe kila kitu, kwa mara ya kwanza. Lorene alijibu walipokwisha kuvuka reli.

"Nilikuwa nadhani ni kifo tu kinachokusumbua," alisema. "Kumbe ni hili."

"Nitamwambia kesho."

"Ili yeye apate nini?"

"Jina la mtoto wake. Galen alikataa kuandika, Lorene. Alikataa kwa mdomo wake. Sasa wanamchonga kwenye jiwe kwamba aliandika. Atalala chini ya maneno yangu mpaka dunia iishe."

"Galen amekufa. Elda yuko hai, na kwa mara ya kwanza ana raha usoni. Unataka kumwambia kwa ajili ya Galen, au kwa ajili yako upate usingizi?"

"Sijui."

"Kama hujui, usiende kwa mwanamke yule na mikono mitupu ukamnyang'anye kitu."

Lorene si mtu mkali. Nampa haki yake: alisema jambo ambalo kila mmoja wetu angelisema. Lakini Willis hakupata usingizi, na asubuhi alipoingia kwenye pikapu alikuta mkanda wa abiria umefunguka na kengele inalia kabla hajatia ufunguo. Huo ni usemi wake yeye. Mimi nauandika kama alivyousema.

Elda alikuwa jikoni. Alikuwa anakunja verenika za watu wa Jumamosi, jibini ndani na unga nje, anafinya kingo kwa vidole na kuzipanga juu ya kitambaa. Kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku ya duka la mbolea, palikuwa na ule ukurasa.

"Ingia. Kahawa ipo," alisema. "Umekuja kufanya mazoezi ya kusoma?"

Willis hakuketi. "Dada Elda, ukurasa ule niliuandika mimi."

Vidole vya Elda viliendelea kufinya. "Ulimsaidia kuandika. Najua. Galen hakuwa mtu wa kalamu."

"Hapana. Niliandika yote. Yeye alikataa. Nilipeleka bila yeye kujua, na alipojua ndipo alipoacha kazi. Hakukumbuka shamba. Aliacha kwa sababu yangu."

Sasa vidole vikasimama. Redio ndogo dirishani ilikuwa inataja bei ya ngano, na Elda, mikono ikiwa na unga, akaizima kwa kiwiko.

"Alikataa kusema habari zangu," alisema.

"Si zako. Alikataa kusema habari za mtu yeyote kwa ajili ya kupewa kazi. Alisema ukitaka kumjua uje umwone."

"Na zile sahani za harusi?"

"Mimi niliziona. Nilikuwa nakula mezani kwako wakati wa mavuno, hujasahau."

"Na la mkono wa mama?"

"Hilo nalo ni langu."

Elda alikaa kwenye kiti polepole, akishika meza. Willis alidhani atalia, na alikuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa na maneno tayari, kama kawaida yake. Hakulia. Alitazama friji, kisha akamtazama yeye, na uso ule uliotakata wa Jumapili ulikuwa umezimika.

"Kumbe aliyeona ni wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Nilimlea kwenye meza ile ile. Na yeye? Yeye aliona?"

Willis alifungua mdomo. Maneno yalikuja yenyewe, mazuri, yamepangika: kwamba Galen aliona, kwamba aliona kuliko wote, kwamba ndiyo maana hakutaka kuyauza. Yalikuwa maneno ya kumfariji mama yeyote. Na huenda yalikuwa kweli. Hakuwa na njia ya kujua kama ni kweli. Galen hakupata kumwambia, na asingeweza kumwambia sasa.

"Sema, Ndugu Willis," Elda alisema. "Ulikaa naye siku nyingi kuliko mimi, ile miaka ya chuoni. Mwanangu aliona?"

Alitamani kuyasema. Sijui kama aliwahi kutamani kumsaidia mtu kwa kiasi kile maishani mwake, na alikuwa ameshasaidia wengi.

"Sijui, Dada Elda."

"Hujui."

"Hakuniambia. Nikikujibu nitakuwa namwandikia tena."

Elda akainuka, akapangusa mikono kwenye aproni, akachukua simu ya ukutani na kumpigia mchonga mawe. Willis alisikia kila neno, maana hakwenda chumba kingine. Alimwambia aache ile mistari. Jina na miaka tu. Hapana, hakuna maneno mengine. Ndiyo, ana hakika. Ilikuwa kama mchonga mawe anauliza aweke basi suke la ngano pale palipobaki wazi, na Elda akasema paache wazi.

Alipoweka simu chini, alikwenda kwenye friji akaondoa sumaku. Karatasi ilikuwa imelegea pembeni kwa kushikwashikwa. Akamkabidhi Willis.

"Chukua. Ni yako."

Akarudi kwenye unga wake, kwa sababu watu wa Jumamosi walikuwa bado wanakuja na walipaswa kula. Willis alisimama na ukurasa mkononi akimngoja amwambie aondoke au akae, na Elda akaendelea kufinya kingo.